UZI: Mwanga wenyewe unaweza kuwa sanamu? Wadau wa Mwanza njooni tuongee

Fundi_Taa_Nyakato (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni.

Mimi kazi yangu ni taa za ukumbini, harusi, sendofu, kicheni pati, saa nyingine mikesha ya makanisani. Kuna kitu kinanisumbua muda mrefu nikaona nikilete huku maana kijiweni washaanza kuniangalia vibaya. Ni hivi, maharusi wakiingia tunawasha mashine ya moshi, watu wote macho kwa bibi harusi, mimi huwa naangalia juu. Kabla ya moshi taa zangu ni madoa tu ukutani na sakafuni. Moshi ukishasambaa unaona nguzo, zina kingo kabisa, watoto wanazifukuzia wanataka kuzishika. Taa zilezile, umeme uleule, ila hewani kimezaliwa kitu chenye umbo. Halafu mtu anafungua mlango wa nyuma, upepo wa ziwa unaingia, kwisha habari.

Nikaanza kufukunyua mtandaoni nikakuta kumbe kuna watu ndo kazi yao ya maisha. Kuna Mwingereza anaitwa Anthony McCall, mwaka 1973 alitengeneza filamu inaitwa Line Describing a Cone. Dakika 30. Haina mtu, haina stori, haina sauti. Inaanza na nukta moja nyeupe kwenye weusi, nukta inatembea taratibu inachora mstari wa duara, duara likifunga basi filamu imeisha. Ukisikia hivyo utasema jamaa alikuwa hana kazi, ila utamu haupo ukutani, utamu upo katikati ya projekta na ukuta. Mwanga unaanza ukiwa mstari mwembamba unaokatiza chumba, nukta ikisogea ule mstari unapanuka unakuwa ukuta uliopinda, unaendelea kupinda mpaka mwisho una koni kubwa iliyo wazi ndani, ya mwanga mtupu, unaingia unasimama humo. Viti hakuna. Watu wanazunguka, wanakata mwanga kwa mkono, wengine wanalala chini kabisa.

Nataka nifanye kitu cha namna hiyo hapa Mwanza. Maswali yangu mawili tu: hii ni sanaa kweli au nimepotea? Na kama ni sanaa naifanyaje kwa hivi vifaa vyetu?

Kaka_Mabatini

Mkuu mwanga ni mwanga. Sanamu ni lile ukiligonga linakuumiza kidole. Hiyo nyingine ni bili ya umeme tu.

ngojawaje

Naweka kiti hapa nasubiri wajuzi

Mwl_wa_Fizikia

Mleta uzi umeuliza kitu kizuri sana na wala hujapotea, ngoja nikuelezee kinachotokea hapo maana wengi wanadhani moshi "unaongeza" mwanga. Hauongezi kitu. Mwanga ukipita pembeni yako kwenye hewa safi huuoni hata uwe mkali namna gani, sababu hakuna kinachouelekeza kwenye jicho lako, wenyewe unaenda zake ukutani. Ukiweka chembechembe hewani, vumbi, moshi, ukungu, kila chembe inatawanya kasehemu ka ule mwanga pande zote na ndo unaona njia nzima. Kuna mwanafizikia wa Ireland wa karne ya 19, John Tyndall, alifanya majaribio ya haya pale Royal Institution London. Alipitisha mwale mkali kwenye hewa ya kawaida ukaonekana vizuri, halafu akaweka moto chini yake na juu ya ule moto mwale ukawa na sehemu nyeusi ti, watu wakadhani ni moshi mweusi kumbe ni kinyume chake, pale vumbi lilikuwa limeondoka.

Kwa hiyo Kaka_Mabatini ukitaka kitu cha kugonga, kipo, ni chembe. Ndogo tu.

Na kitu kingine muhimu kwa fundi. Chembe za moshi hazitawanyi sawasawa, nyingi zinausukuma mwanga mbele zaidi kuliko kuurudisha nyuma. Maana yake ukisimama unaangalia upande projekta iliko, mwanga unakujia na umbo linawaka. Ukigeuka ukaipa mgongo projekta ukaangalia ukuta, umbo lilelile linafifia. Jaribu harusi ijayo utaniambia.

Fundi_Taa_Nyakato

Shikamoo mwalimu. Sasa hapo umenifungua, maana nimesoma kwamba watazamaji wa ile filamu ya McCall wanaishia kuipa skrini mgongo wanaangalia projekta, nikadhani ni mbwembwe za wasanii. Kumbe ndo kunakoonekana.

Binti_Pasiansi

Mimi ni edita wa video (hizo hizo za harusi mnazozicheka) na filamu za majaribio nimezifuatilia kiasi. Niseme kitu kimoja kwamba huyo McCall hakutumia mashine ya moshi mwanzoni. Alikuwa amehamia New York mwaka uleule wa 1973, hizo filamu zilikuwa zinaoneshwa kwenye magodauni ya zamani yaliyogeuzwa makazi na studio za wasanii, vumbi kibao, na watu wenyewe wanavuta sigara humohumo. Moshi wa bure. Shida ikaja alipozipeleka makumbusho, kule wanafagia, hawaruhusu sigara, hewa safi, filamu inazunguka na hakuna anachokiona mtu zaidi ya duara ukutani. Sanamu limekosa mwili. Mwishoni mwa miaka ya 70 aliacha kabisa sanaa karibu miaka 20 akafanya kazi ya usanifu wa michoro (graphic design), alivyorudi miaka ya 2000 mashine za moshi mwepesi zipo na projekta za dijitali zipo, ndo akaendelea alipoachia. Majuzi tu, 2024 mpaka 2025, makumbusho ya Tate Modern ya London walimpa maonyesho makubwa wakayaita Solid Light.

Kwa hiyo mimi jibu langu kwa swali la kwanza: malighafi ya huyu bwana ni chumba. Mwanga ni patasi. Ndo maana hii kitu huwezi kuiangalia kwenye simu, nimejaribu kuangalia klipu yake mtandaoni, unaona duara linachorwa unalala usingizi.

Kaka_Mabatini

Dada umeongea vizuri sana ila bado. Mtu anawasha projekta, anaondoka, anaitwa msanii. Fundi wa tyubulaiti yeye anaitwa fundi. Haki iko wapi

Wakala_Bandari_Kusini

Kaka_Mabatini hilo swali lako lilishafika mpaka forodha, na mimi ndo kazi yangu hiyo kwa hiyo ngoja nijimwage.

Kuna Mmarekani Dan Flavin, yeye alikuwa ananunua tyubulaiti za kawaida za dukani, saizi za dukani, rangi za dukani, anazipanga. Kazi yake ya kwanza kabisa ya tyubu tupu ni ya 1963, tyubu moja ya njano ya kama mita 2.4, kaiweka ukutani imelala upande nyuzi 45. Basi. Sasa miaka ya 2000 galari moja ya London ikaingiza Uingereza kazi za Flavin na za Bill Viola, msanii wa video, zimefunguliwa vipandevipande. Forodha wakaangalia mzigo wakaona taa na projekta. Sanamu kodi yake ilikuwa asilimia 5 tu, vifaa vya umeme unalipa kodi kamili pamoja na ushuru. Kesi ikaenda, 2008 galari ikashinda. Mwaka 2010 Tume ya Ulaya (Uingereza ilikuwa bado ndani ya Umoja wa Ulaya) ikatoa kanuni ikasema hapana, hizi za Flavin ni taa za ukutani, ziingie kama taa. Na hoja yao ndo tamu, walisema sanaa siyo ile mitambo, sanaa ni ile athari ya mwanga inayotoka mitambo ikiwashwa. Yaani bila kujua forodha wamekubali kwamba mwanga ndo sanamu, ila kwa kuwa mwanga haupiti kwenye kontena basi kilichopita ni taa, lipia taa 😂

Halafu hii tyubu ya 1963 Flavin aliitoa kwa heshima ya Constantin Brancusi, mchongaji wa Romania, ambaye na yeye yalimkuta hayohayo, 1926 sanamu lake la ndege wa shaba likafika New York, forodha wakasema halifanani na ndege, wakalitoza asilimia 40 kwenye kundi la vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali. 1928 mahakama ikampa haki.

Kwa hiyo usiwacheke wasanii, sisi wa forodha ndo huwa tunachelewa.

Kaka_Mabatini

😂😂😂 vyombo vya jikoni. Haya endeleeni nasoma.

Mama_Mwaloni

Wanangu habari zenu. Mimi nauza samaki wa moshi na dagaa, sijui hizo filamu zenu, ila huo mwanga mnaousema mimi nauona kila siku wala sikujua una wenyewe. Banda letu la kubanikia sangara bati zake zina matundu ya misumari, zilishatumika mahali pengine kabla. Mchana kuanzia kama saa tano ule moshi umejaa ndani, kila tundu linashusha mstari wake mpaka chini, imenyooka, mingi, imeinamia upande mmoja yote. Jua likisogea inageuka pamoja. Ukipita na beseni kichwani inakatika inaungana tena nyuma yako. Na chini kwenye majivu kila mmoja una kiduara chake. Wajukuu wanapenda kuingia lakini nawafukuza maana moshi wa kuni si wa mchezo, macho yangu yenyewe yanajua.

Fundi_Taa_Nyakato

Mama shikamoo. Umeandika mistari michache umenipita mimi na makala zote nilizosoma. Naomba siku moja nije nione hilo banda kwa heshima.

Mama_Mwaloni

Marahaba. Njoo tu ila uje na hela ya samaki.

Mwl_wa_Fizikia

Mama ule moshi ni darasa zima. Hebu niongezee hapo kwenye viduara. Matundu ya msumari huwa hayana umbo zuri, mengine yamechanika, mengine ya pembe, lakini chini vinaonekana viduara. Sababu ni kwamba kile si kivuli cha tundu, ile ni picha ya jua lenyewe. Tundu dogo linafanya kazi ya kamera. Wanaokumbuka tarehe 1 Septemba 2016 kupatwa kwa jua, kule Rujewa walipata pete, huku kwetu jua lilimegwa tu, na siku ile chini ya miti na chini ya mabati yenye matundu viduara vyote viligeuka kuwa hilali. Kwa hiyo banda la mama lina projekta mia na zote zinaonesha filamu moja.

Mvuvi_Kayenze

Naona mnazungumzia mwanga bila sisi wa dagaa, si sawa kabisa.

Sisi tunauchonga ndani ya maji wakuu. Zamani karabai, siku hizi wengi tumehamia taa za LED za betri na sola, unaziweka kwenye maboya, unaziacha zikae. Wadudu wanakuja, dagaa wanafuata wadudu. Halafu unaanza kuivuta taa kidogokidogo kuelekea kwenye nyavu, ukiivuta kwa pupa dagaa wanabaki gizani wanasambaa umepoteza usiku. Unajua kabisa ule mwanga una ukubwa wake humo chini, una mwisho wake, na dagaa wako ndani ya huo mwisho. Mvua zikinyesha maji ya kwetu ghubani yanakuwa machafu, taa inawaka vizuri pale juu inaonekana kabisa imejaa lakini haiendi chini, maji yanaimeza. Ukitoka nje kuelekea Ukerewe maji meusi safi, taa unaiona kama haina nguvu ila chini imekwenda mbali. Mwalimu hapo uniambie kama ndo kilekile.

Na wale wadudu wa ziwani msiwasahau, kuna siku wanapanda wingu zima juu ya maji utasema kuna moto, ukiwasha taa huoni mwenzako kwenye mtumbwi, unaona mwanga umesimama.

Mwl_wa_Fizikia

Ndo kilekile mvuvi, hujakosea hata kidogo. Chembe zikizidi mwanga unatawanyika wote hapo karibu, unaonekana sana lakini haufiki. Zikipungua unafika lakini hauonekani. Fundi hapo ndo uamuzi wako ulipo, moshi wa harusi ni mzito mno kwa kazi unayoitaka.

Binti_Pasiansi

Mvuvi umenikumbusha kitu jamani. Stan Brakhage, Mmarekani, 1963 alifanya filamu bila kamera inaitwa Mothlight. Alichukua mabawa ya nondo waliokuwa wanakufa kwenye taa, na majani na vipande vya maua, akavibandika katikati ya vipande viwili vya selotepu inayopitisha mwanga, akachapisha kwenye filamu. Ukiipitisha kwenye projekta mwanga unapita ndani ya bawa lenyewe. Dakika kama tatu na nusu, haraka sana, mishipa ya bawa inajaa ukuta mzima. Mwaka 1974 akafanya nyingine ndefu, The Text of Light, karibu yote ni mwanga unaopita kwenye kisahani cha kioo cha kuzimia sigara, kakisogelea na lenzi mpaka unaona milima na anga.

Sasa sisi hapa wadudu tunawafagia asubuhi kwa fagio kwenye vibaraza baada ya usiku mmoja. Malighafi hiyo. Ila tusiige ya mtu, nasema tu mlango upo.

Na wa zamani kuliko wote hawa, Laszlo Moholy-Nagy wa Hungaria, aliyefundisha chuo cha sanaa cha Bauhaus Ujerumani. Alimaliza mashine yake 1930, ina mota, ina mabati yaliyotobolewa na vioo, inazunguka inamwaga vivuli chumba kizima, kisha akaipiga filamu mwaka huohuo. Kama mafundi wa Makoroboi hapa mjini wangepewa mota na muda sijui wangetoa nini.

Lakezone_Shemeji

Kuna ya Mmarekani James Turrell pia, huyo hata moshi hatumii. 1966 alirusha mwanga kwenye kona ya chumba tu, ukiingia unaona boksi jeupe linaning'inia, ukisogea linapotea. Na 1980 New York kwenye maonyesho yake pale makumbusho ya Whitney mtu aliegemea ukuta ambao ulikuwa ni mwanga akaenda chini, akashtaki. Kaka_Mabatini ile uliyosema sanamu linakuumiza kidole, huyo kaumia zaidi ya kidole.

Kaka_Mabatini

Sasa hapo mmenishinda. Nakubali ni sanamu, limepeleka watu mahakamani.

Fundi_Taa_Nyakato

Wabeja sana wote. Tuje kwenye utekelezaji. Nina projekta moja ya ukumbini ya dijitali, mashine mbili za moshi, na kuna mtu ana godauni tupu Igogo la kuhifadhia, dari iko juu. Nimeshajaribu duara jeupe kwenye background nyeusi, koni inatokea lakini ndani yake si tupu, kuna kijivu kimejaa, kingo hazikati vizuri. Tatizo moshi au projekta?

Binti_Pasiansi

Projekta. Projekta za dijitali nyingi haziwezi kutoa weusi wa kweli, ukiipa nyeusi bado inavujisha mwanga, ukutani huoni shida ila hewani kwenye giza ule uvujaji unakuwa na umbo lake la pembe nne, unafunika koni yako. Filamu ya mkanda ya 16mm, kama ya McCall, pale palipo peusi pameziba kweli. Punguza mwanga wa projekta kwenye menyu, tumia kontrasti ya juu kabisa uliyonayo, itasaidia kidogo lakini haitaisha.

Mwl_wa_Fizikia

Kuna njia ya bei ya mbwa. Zile ohedi projekta zilizokuwa zinatumika vyuoni na shuleni kuweka slaidi za nailoni, nyingi zimelala stoo zina vumbi. Taa yake ni kali na kioo cha juu ndo mahali inapofokasi. Unachukua karatasi nene nyeusi au bati jembamba, unachonga mstari mwembamba uliopinda, unaweka juu ya kioo. Pale karatasi ilipo hakuna mwanga unaopita kabisa. Ukitaka mstari ukue, unaweka karatasi ya pili juu unaivuta taratibu kwa mkono. Bati ni bora maana ile taa ina joto. Weka karibu mita 8 mpaka 10 kutoka ukutani, usizidishe, mwanga unavyopanuka unapungua nguvu, ukiongeza umbali mara mbili kila sehemu inabaki na robo tu.

Fundi_Taa_Nyakato

Aisee. Ohedi najua ziliko, chuo fulani wanazitumia kuzuia mlango.

Mc_Nyegezi

Fundi na hiyo mashine yako ya moshi usiiache wazi. Washa kidogo saa nzima kabla, weka feni inayoangalia ukuta (isiangalie mwanga), acha moshi usambae mpaka usiuone kama wingu. Tukiwa na hela tunakodi ile ya moshi mwepesi, hiyo inatoa ukungu sawasawa unakaa muda mrefu. Moshi wa wingu kwenye koni utaona mawimbi yanapita, wengine wanayapenda hayo mawimbi sijui nyie.

Binti_Pasiansi

Mimi nayapenda. Ila mawimbi ya upepo wa mlango hapana.

Na fundi tafadhali usiweke taa za kupepesa hata kama DJ atakushawishi. Kuna filamu za mwanga mtupu kama The Flicker ya Tony Conrad ya 1966, ni fremu nyeupe na nyeusi tu zinabadilishana, na yeye mwenyewe aliweka onyo mwanzoni kwa sababu ya watu wenye kifafa. Wenye pumu pia uwaambie mlangoni kuna moshi.

Mvuvi_Kayenze

Mimi ombi moja tu, iwekeni wakati wa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa zetu hazifui dafu ziwani, tunakuwa nchi kavu tunashona nyavu, tutakuja wengi.

Kaka_Mabatini

Kiingilio shingapi

Fundi_Taa_Nyakato

Bure. Kwenye mbalamwezi nimekubali, ndani ya godauni mwezi haunisumbui. Ninachowaza ni mlango tu, watu watakuwa wanaingia na kutoka na kila ukifunguliwa upepo na taa za barabarani vinaingia.

Mwl_wa_Fizikia

Usiufunge, ni hatari. Ning'iniza mapazia mawili mazito meusi mpaka chini, yaachane kama mita mbili. Mtu anaingia la kwanza, linajifunga nyuma yake, ndo anafungua la pili.

Mama_Mwaloni

Mapazia ninayo, ya msiba, meusi mazito. Yaje yarudi yakiwa masafi.